Mwongozaji anataka nivae tarbushi ya baba yake babu, na wakwe hawajui mimi ni Mnubi

BARUA

Asalamu alaykum Shangazi,

Nina miaka 27, nauza vifaa vya umeme kwenye duka la jumla pale Kikuubo, Kampala. Jioni niko na kikundi cha maigizo ya Kiswahili. Ni watu wa kila aina: walimu wawili, Wakongo wanaouza vitenge, dada mmoja mzaliwa wa Mombasa, na vijana kama mimi ambao Kiswahili tumekikuta nyumbani. Tunaandaa Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kama alivyoifasiri Mwalimu Nyerere. Mimi nimepewa Shylock, yule Myahudi mkopeshaji anayewakopesha Antonio na rafiki yake Bassanio dukati 3,000 kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba deni lisipolipwa atamkata Antonio ratili moja ya nyama mwilini.

Sasa tatizo. Mimi ni Mnubi wa Bombo, mzao wa askari waliotoka Sudan, na hapa mjini hakuna anayejua. Babu alikuwa askari, na baba yake alikuwa askari. Idi Amin, rais aliyewategemea sana askari Wanubi, alipoanguka mwaka 1979 familia ilikimbilia Sudan, baba akiwa mtoto. Waliporudi, babu alimwandikisha baba shuleni kwa jina la Kiganda, na ndilo jina nililorithi mimi. Tumekulia Kawempe. Ukiingia ndani ni Kinubi, ukivuka mlango kutoka nje ni Luganda. Baba hakuwahi kutuambia tufiche. Tuliona anavyofanya, nasi tukafanya hivyo hivyo. Watu wakiniuliza ukoo nasema Mamba, kwa sababu ni ukoo mkubwa na hakuna anayefuatilia.

Hakuna aliyefuatilia hadi nilipompata mchumba. Ni Muganda, Mwislamu mwenzangu, na tunapendana kweli. Ssenga wake, yaani shangazi yake, aliniuliza ukoo, nikamjibu Mamba, akafurahi kwa kuwa wao ni wa ukoo wa Nte na hakuna mwiko wa kuoana. Sasa wanasubiri nipange siku ya kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha kwa wakwe. Unajua pale kunavyokuwa: msemaji wa upande wangu anasimama mbele ya watu, anataja ukoo, baba, babu na baba wa babu. Atamtaja babu yupi?

Haya yote nilikuwa nimeyakalia kimya mpaka jioni moja ya mazoezi. Tulikuwa pale ambapo Tubal anamletea Shylock habari za binti yake Jessica, aliyetoroka na mchumba wake na kubeba mali ya baba. Tubal wetu ni mwalimu mstaafu, karatasi anaishika karibu igonge pua. Akasoma kwamba ameonyeshwa pete ambayo Jessica ameitoa ili apewe kima, yule mnyama. Shylock anajibu kuwa pete ile ya feruzi alipewa na Leah, zamani kabla hajaoa. Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mara nyingi bila shida. Siku hiyo nikamkumbuka haboba, yaani bibi yangu, na pete yake ya fedha aliyoiuza Yei, huko Sudan, kwa unga wakati wa ukimbizi. Mpaka leo akiongea anakisugua kile kidole. Shangazi, nililia, na maneno yaliyonitoka yalikuwa ya Kinubi, kwa sauti kubwa, tena mengi.

Mwongozaji aliruka kitini akapiga kelele, "Hiyo! Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta!" Tangu hapo anataka Shylock awe Mnubi: lafudhi, maneno ya Kinubi hapa na pale, na tarbushi nyekundu ya askari wa zamani. Tunayo moja, ya baba yake babu, haboba anaitunza sandukuni Bombo. Mwongozaji anasema Kampala itatikisika.

Nusu yangu inataka sana. Nikiwa jukwaani najisikia mtu kamili kuliko mahali pengine popote, hata nafikiria kuacha duka niwe mwigizaji moja kwa moja. Nusu nyingine inaogopa. Mchumba wangu na kaka zake wameshaomba viti vya mbele siku ya kwanza.

Nikubali au nikatae? Au nimwache aone mwenyewe siku hiyo, iwe ndiyo njia ya kumwambia?

Shylock wa Kikuubo

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalonitisha: hapana. Usimwache binti wa watu agundue wewe ni nani akiwa kwenye kiti cha mbele, kaka zake kulia na kushoto, hawezi kukuuliza neno wala kuinuka akatoka. Wewe utakuwa na taa, na mistari uliyoikariri, na watu wa kukupigia makofi. Yeye atakuwa na nini? Kaka zake watamgeukia pale pale wamwone usoni kama alikuwa anajua. Akisema alijua atakuwa amedanganya kwa ajili yako, na akisema hakujua atakuwa ameaibika kwa ajili yako.

Tuje kwenye pete, kwa sababu hapo ndipo ulipoguswa. Watu wengi wakipewa Shylock wanaisubiri ile hotuba inayouliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, na kama ukimchoma hatoki damu. Hotuba kubwa, sawa, ila wanaoipenda huikata katikati. Isome hadi mwisho utaona Shylock anaitumia kujitetea kwa nini na yeye ana haki ya kulipiza kisasi. Wewe hukulia hapo. Ulilia kwa Leah, mwanamke anayetajwa mara moja tu katika tamthilia nzima, haonekani jukwaani, hatuambiwi alikufa lini wala vipi. Tunachojua ni kwamba alimpa kijana mmoja pete, na yule kijana alipozeeka na kuwa mgumu wa roho, pete ile ndiyo kitu pekee ambacho hakukipigia hesabu ya fedha. Hapo umemsoma Shakespeare vizuri, na mwongozaji wako angekuwa na sikio angekwambia ubaki hapo hapo, kwa Kiswahili kile kile cha Mwalimu, bila kofia yoyote.

Lakini usichanganye mambo. Shylock si babu yako. Shakespeare aliiandika kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1590, katika nchi iliyowafukuza Wayahudi mwaka 1290, kwa hiyo wengi waliolipa kiingilio kumwona Shylock hawakuwahi kukaa na Myahudi hata siku moja. Huko Venice kwenyewe Wayahudi walikuwapo, ila tangu 1516 walifungiwa usiku kwenye mtaa wao, na mchana walilazimishwa kuvaa kofia ya rangi maalumu ili wajulikane. Ukoo wako una historia nyingine kabisa. Wazee wenu walikuja na bunduki begani: askari waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa Misri huko kusini mwa Sudan, wakachukuliwa na Kapteni Lugard wa Waingereza mwaka 1891, wakaasi mwaka 1897, na baadaye wajukuu zao wakaijaza kambi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, hapo Bombo. Walitumikia serikali, wakaonewa na serikali, na wapo waliowaonea watu kwa niaba ya serikali. Ni historia nene, ina aibu yake na fahari yake, na haienei ndani ya mkopeshaji wa Venice.

Sasa hebu tuifuate hiyo tarbushi jukwaani mpaka mwisho, maana naona mwongozaji amekuonyesha mwanzo tu. Shylock anaonekana katika maonyesho matano basi. La tano ni mahakamani. Anaingia na kisu, anakinoa kwenye soli ya kiatu chake mbele ya Antonio, ambaye ataambiwa afunue kifua, huku Gratiano, rafiki wa Bassanio, akimtukana na watazamaji wakicheka na Gratiano. Yaani Mnubi, mwenye tarbushi ya askari, ananoa kisu amchinje raia, mbele ya umati wa Kampala. Umeshaiona?

Kampala si mji usio na kumbukumbu, hasa watu wa jukwaani. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa National Theatre na mwandishi wa Oluyimba lwa Wankoko, aliuawa na watu wa utawala wa Amin mwaka 1977, muda mfupi baada ya kurudi na kundi lake kutoka FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, huko Lagos. Wazee wa maigizo wanaomkumbuka bado wapo, na mmoja anaweza kuwa amekaa ukumbini siku yenu. Dhambi ile si yako wala si ya haboba. Lakini tarbushi na kisu vikiwekwa pamoja, watu hawatakuuliza historia ya Emin Pasha. Wataona kile walichokwisha kukiamini, wataenda nacho nyumbani, na wewe ndiye utakayekuwa umewapa.

Na baada ya hapo? Shylock ananyang'anywa mali, analazimishwa kubatizwa, anasema hajisikii vizuri, anatoka. Sehemu ya tano ya tamthilia, ile ya mwisho, inaendelea nzima bila yeye: mwezi, muziki, wapenzi wanataniana kuhusu pete nyingine, watu wanacheka hadi pazia linafungwa. (Bassanio, kusema kweli, mimi simpendi. Anakopa fedha kwa shingo ya rafiki yake ili akamwoe tajiri, na tamthilia inamzawadia.) Jiulize kama unataka tarbushi ya baba yake babu itoke mlango wa nyuma namna ile, usiku baada ya usiku, na hakuna mtu jukwaani anayeikumbuka tena.

Sisemi haiwezekani. Mwaka 1903 huko New York, Jacob Adler alimcheza Shylock kwa Kiyidi huku wenzake wote wakisema Kiingereza. Ule ulikuwa uamuzi wa kisanii wenye nguvu, maana Myahudi yule alisikika mgeni katikati ya watu wanaomhukumu kwa lugha yao. Ila Adler alikuwa gwiji wa jukwaa la Kiyidi tayari, mji mzima ulijua ni Myahudi, na lugha aliileta mwenyewe. Hakuna aliyemshtukia akilia mazoezini kisha akamwambia, "Hilo hilo, rudia kesho saa kumi na mbili." Machozi yako ya siku ile yalikuwa ya haboba. Mwongozaji ameyaona akafikiria tiketi, na simlaumu sana, ndiyo kazi yake, lakini wewe una kazi ya kumwekea mpaka.

Kwa hiyo muulize swali dogo: Antonio atavaa nini? Portia, yule tajiri anayeolewa na Bassanio, je? Kama Antonio ni yule Mkongo wenu naye atavaa kama Mkongo wa Kampala, na Portia akiwa yule dada wa Mombasa akasema Kimvita chake cha nyumbani, na kila mtu akaja na asili yake, hapo kuna wazo: mji wa biashara wa watu waliotoka mbali, wanakopeshana na kudharauliana. Huo mji unaujua, unauza nyaya ndani yake kila siku. Lakini kama wengine wote watavaa makoti ya Kizungu ya kukodi na wewe peke yako ndiye wa kuvalishwa kabila lako, kataa. Kataa kwa heshima, mwambie utamcheza Shylock kwa nguvu zako zote ukiwa na kanzu nyeusi ya kawaida. Akitafuta mtu mwingine, amtafute. Na tarbushi yenyewe isitoke sandukuni kwa namna yoyote bila haboba kuulizwa. Ni yake kuitoa. Mafundi wa kushona kofia wapo, jukwaa linaweza kuvaa ya kuigiza.

Turudi Kawempe sasa, kwenye jambo zito zaidi. Siri hii si yako peke yako. Ni ya baba, na kabla yake ilikuwa ya babu, na waliitunza kwa sababu ya kweli. Mtoto aliyerudi kutoka Sudan na kuingia darasani miaka ile, jina lake lilikuwa ngao. Huwezi kuitwa mwongo kwa kuzaliwa nyuma ya ngao ya mtu. Uongo wako ni ule wa Mamba, huo ni wako wewe na umeusema kwa mdomo wako kwa ssenga wa watu. Basi fuata utaratibu. Nenda kwa baba kwanza, uso kwa uso, si kwa simu. Usimwombe ruhusa, una miaka 27, lakini mpe habari: "Baba, nataka kuoa, na nitamwambia mke wangu sisi ni nani." Jiandae akasirike. Jiandae pia anyamaze, maana ukimya wa wanaume wa rika lake ni mgumu zaidi kuustahimili. Usimjibie ukimya wake, kaa nao tu.

Halafu mchumba. Wiki hiyo hiyo, mkiwa wawili, mahali ambapo anaweza kulia au kukufokea bila watu. Mwambie yote matatu kwa mara moja: mimi ni Mnubi, jina ni la Kiganda kwa sababu hii, na ukoo niliomtajia ssenga si wangu. Usimpe vipande leo na vingine mwezi ujao. Kitakachomuuma si Unubi, niamini. Nimesoma barua nyingi za wasichana wa Kiganda walioolewa na watu wa kila kabila. Kitakachomuuma ni kwamba ulimwacha amtetee mbele ya ssenga mtu asiyekuwepo. Mpe siku za kukasirika. Akiuliza kwa nini sasa, mweleze pete. Hilo ataelewa.

Ssenga aambiwe na yeye mwenyewe binti, au na nyinyi wawili pamoja, kabla ya tarehe yoyote kupangwa. Usiende kwanjula na ukoo wa kuazima. Kwa Waganda ukoo ni ndugu, na watu wa Mamba waliopo kwenye ule uwanja watataka kujua wewe ni wa mlango gani, watakuita kaka, watakuuliza mkuu wenu ni nani, na msemaji wako atabaki anatoa jasho. Wakati huo huo mtu asiye Muganda kufanya kwanjula si ajabu hata kidogo. Wanyankole wanafanya, Wakongo wanafanya, Wazungu wanafanya wakiwa wamevaa kanzu zisizowakaa. Msemaji anasimama anasema kijana wetu ni Mnubi wa Bombo, mkutano unacheka kidogo, wanamtania kwa Kiswahili, mambo yanaendelea. Na kama kaka mmoja atajifanya mjuaji akasema Wanubi ni wageni, mjibu kwa upole: Katiba ya 1995, jedwali la tatu, inataja jamii zilizokuwamo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na Wanubi wamo.

Msemaji atahitaji majina. Hapo ndipo haboba anapoingia. Nenda Bombo na daftari, ukae naye nusu siku, akutajie baba wa babu na baba yake na wake zao, na wapi kila mmoja alizikwa kama anajua. Muulize pia ile pete aliiuza kwa nani na alipata unga kiasi gani. Usiende kwa ajili ya tamthilia. Ukienda kwa ajili ya tamthilia atakujua.

Utasema Shangazi amekunyang'anya jukwaa. Hata. Ninachokiona ni kwamba jukwaa ndilo lililokuwa mahali pekee unapoweza kusema Kinubi kwa sauti, ndiyo maana ukajisikia mtu kamili. Ukishaweza kukisema sebuleni kwa mkeo na dukani ukipigiwa simu na mama, utajua kama uigizaji unaupenda wenyewe au ulikuwa unapenda tu kupumua. Ukikuta bado unaupenda, vizuri, endelea. Kuna mengi ya kucheza.

Duka usiache. Waigizaji wengi wa Kampala wana kazi ya pili, na kwanjula ina gharama zake. Tena wakwe wakisikia ndani ya mwezi mmoja kwamba wewe si Mamba na kwamba umeacha kazi, hata mimi sitajua pa kuanzia kukutetea.